Kanuni ya Macho Manne

Wamucii aliikariri chati ya macho akiwa bado kwenye foleni. Mwenyewe angekuambia huo haukuwa udanganyifu, ulikuwa tahadhari tu. Ilikuwa Machi ya mwaka 2007, katika kambi ya macho ya bure iliyowekwa siku mbili kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Mbele yake walikuwa wazee kumi na wanne, na kila mmoja aliulizwa herufi zilezile, naye akazitaja kwa sauti ya mtu aliyeitwa na chifu. Zamu yake ilipofika, Wamucii alikuwa nazo zote kichwani, mstari kwa mstari. Muuguzi alimziba jicho la kushoto, akamwonyesha ukutani. Jicho la kulia liliona weupe, na katikati ya weupe huo ukungu. Wamucii akasoma bila kusita mpaka mstari wa saba.

"Mama, hayo macho ni ya msichana," muuguzi akamwambia, akamwandikia kadi: macho yote mawili, sawa.

Kadi ile aliichomeka ndani ya Biblia, na hofu ilipomshika aliifungua akaisoma. Wengi wetu hujidanganya kwa maneno ya mdomo. Huyu alijidanganya kwa maandishi, tena yenye muhuri.

Lakini tusimcheke upesi. Kule Mutuini, katika boma analoishi mpaka leo, mamake alipofuka akiwa na miaka hamsini na minne. Ilikuwa presha ya macho. Maradhi hayo hayaumi, hayawashi, wala hayatoi machozi. Huiba kidogo kidogo pembeni, na mwenye jicho hajui kama ameibiwa mpaka mwizi afike katikati. Miaka tisa mama yule alitembea kwa kamba ya katani iliyofungwa kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, yenye mafundo mawili pale penye ngazi ya mawe ili ajue kuinua mguu. Daktari aliwaambia wazi kwamba maradhi hayo hutembea katika ukoo, kwa hiyo watoto wachunguzwe. Wiki ile ile waliyomzika, Wamucii aliifungua kamba, akaizungusha, akaitundika kwenye msumari ndani ya stoo, nyuma ya gunia la maharagwe. Hata ng'ombe alipokata kamba yake, hakukubali ile iguswe. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alikuwa akiogopa kila siku.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja cha katikati ya jiji. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameosha vioo, akachanganya dawa na kuwafokea wanafunzi ambao leo ni madaktari wa falsafa. Walimwogopa, na walimpenda kwa sababu ya kanuni yake moja. Kipimo chochote kinachosomwa kwa jicho lazima kisomwe na watu wawili kabla ya kuandikwa kwa wino, na wote wawili watie majina kitabuni. "Macho mawili ni ya mtu mmoja, na mtu mmoja hudanganyika," alikuwa akisema. "Mimi nataka manne."

Tangu ukungu ule uanze, aliivunja kanuni hiyo yeye mwenyewe. Hakuivunja kwa kelele. Aliwaambia tu wanafunzi, "Nendeni mkale, nitaangalia mwenyewe," nao wakaenda, na waliporudi wakatia majina yao bila kutazama, kwani nani angemkagua mkaguzi? Aliogopa kusimama na mtu mbele ya hadubini, huyo mtu aseme anaona kitu ambacho yeye hakioni. Wakijua, wangemwondoa penye asidi na moto, na nje ya maabara ile Wamucii hakujijua yeye ni nani.

Ndipo akaja Hafiz. Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Mombasa, mwembamba, aliyepewa likizo ya miaka miwili ili asomee shahada ya uzamili. Likizo hiyo ingeisha Desemba. Kila asubuhi alimpa Wamucii shikamoo, na Wamucii, aliyezoea kusalimiwa "sasa" na watoto ambao angeweza kuwazaa, aliitikia marahaba huku akijisikia mkubwa.

Hafiz alikuwa na chupa ndogo ya kahawia aliyotumiwa na profesa mmoja wa ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na nusu gramu ya unga wa zambarau, na hapakuwa na nyingine. Unga huo ulikuwa polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, na polima hii ilipitisha umeme kiasi, si kama waya na si kama plastiki ya ndoo; ndiyo maana huitwa semikondakta. Ukiiyeyusha na kuipaka juu ya kioo, unapata utando mwembamba unaoweza kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Lakini polima ya Hafiz ilikuwa na tabia ya ziada: ilisemekana ni fuwele kioevu. Ikipashwa moto mpaka kiwango fulani hulainika bila kuwa maji, na nyuzi zake hujipanga zenyewe upande mmoja, kama nywele zilizopakwa mafuta zikachanwa. Ukiipoza polepole kutoka hapo, mpangilio hubaki na umeme hupita vizuri. Usipofika hapo, nyuzi hubaki zimesokotana na umeme hupotelea humo. Ukipitiliza sana, mpangilio huvunjika, na hatimaye polima huungua.

Kazi ilikuwa kujua hapo ni wapi. Kipande cha utando kiliwekwa kwenye kisahani cha moto chini ya hadubini kuukuu ya jicho moja, katikati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa. Palipo na mpangilio, mwanga hupenya na mtu huona rangi. Mpangilio ukifa, huona giza. Chuoni hapakuwa na chombo kingine cha kazi hiyo ila jicho.

Mwezi wa Mei Hafiz alikwenda Mombasa kwa arusi ya dadake, Nadira. Alimwomba Wamucii amsomee kipimo, na Wamucii akaahidi. Angeweza kumwita Dalmas, fundi wa chumba cha pili. Hakumwita. Alifunga mlango, akaweka jicho la kulia kama alivyozoea miaka yote, akaongeza moto. Mwanga hafifu aliokuwa akiuona ulizidi kufifia, na kwenye digrii mia moja na arobaini ukatoweka. Alisubiri mpaka mia na hamsini, giza likawa lile lile, akazima moto ili asiunguze polima ya watu. Akaandika kwa wino: *140, giza.* Akatia jina lake. Nafasi ya jina la pili akaiacha wazi, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kile kianze.

Hafiz aliporudi na sanduku la halua hakuitazama nafasi ile. Aliona 140, na akapasha tando zake kwa digrii mia na thelathini asije akapitiliza. Akazifanya seli za sola, akaziweka chini ya taa. Sindano ya mita haikusogea. Akafanya nyingine. Wiki sita alifanya hivyo, na unga ukapungua mpaka ukabaki wa kutengeneza fungu moja tu.

Jumatatu moja ya Julai msimamizi wake, Daktari Were, mtu wa maneno machache na suti ile ile ya kijivu, alikuja akasimama mlangoni. "Hii polima si fuwele kioevu," akasema. "Wametuletea takataka. Nitawaandikia Ijumaa, niwaambie hivyo. Wewe, Hafiz, nitakutafutia kazi nyingine, labda ya udongo. Ila hutamaliza Desemba."

Alipoondoka, Hafiz alikaa kwenye kiti kirefu, mikono mapajani. "Labda ni mkono wangu mbovu, Mama Cate," akamwambia Wamucii.

"Usiseme hivyo."

"Basi niseme nini? Macho yako hayajawahi kukosea, hilo kila mtu hapa analijua. Kosa ama ni la polima, ama ni langu mimi."

Wamucii aligeukia sinki. Alichukua chupa ambazo zilikuwa safi akaanza kuziosha.

Jumatano, wenzake walipokwenda kula, alijifungia tena. Kipande kimoja cha utando kilikuwa kimebaki. Alipasha moto, akaweka jicho la kulia: kwenye mia na arobaini, giza. Akabadilisha, akaweka la kushoto, ambalo halikuwahi kutumika kwenye hadubini ile. Akaona mwanga. Ulikuwa hafifu, lakini alidhani ameuona. Akarudi la kulia, giza. La kushoto, mwanga, au pengine ni hamu tu. Alisogeza kisahani, akafumba, akafumbua. Hakujua tena anaona au anaomba.

Wazo lilimjia, na lilikuwa tamu. Angemwambia tu Hafiz, "Hebu jaribu moto zaidi kidogo," kama ushauri wa mtu mzima, basi. Asingekuwa na haja ya kusema kitu kingine. Lakini zaidi kiasi gani? Fungu lilikuwa moja. Digrii ishirini pungufu na kijana angepoteza unga wake wa mwisho. Kuzidisha sana, angeuunguza. Mtu wa kuisoma namba hiyo alitakiwa awe na jicho analoliamini, na Wamucii hakuwa na jicho la namna hiyo kichwani mwake. Alizima moto, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi mchana kweupe.

Nyumbani Cate, bintiye wa pekee, alikuwa amefika mapema kutoka saiba ya intaneti ya Dagoretti Corner anakofanya kazi. Alimwekea mamake kikombe mbele, kisha akakisogeza mpaka kikagusa vidole vyake. Wamucii aliliona tendo hilo, likamuuma.

"Mathe, jana ulinipita hapo Corner," Cate akasema. "Nakupungia mkono, ata hukuniangalia."

"Nilikuwa na mawazo."

"Na chai? Hii wiki umemwaga mara tatu. Si twende tu hospitali, tumalize hii story."

"Niko na kadi. Imeandikwa niko sawa."

"Kadi ya March, mathe! Ata cucu alikuwa anasema hivyo hivyo. Ati yeye hana shida, ni taa ya nyumba imekuwa ndogo."

Wamucii alikuwa na miaka thelathini na kitu mamake, ndiye cucu huyo, alipolaumu taa, na alimnunulia taa kubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kabla ya kifo huwaumbua wengine kwanza. Usiku ule alimfikiria mwalimu wa Mombasa anayechunguza viganja vyake kutafuta kosa lisilokuwa lake, na alijionea aibu kuliko alivyowahi kujionea.

Ijumaa alifika maabara saa moja na nusu. Hafiz alikuwa akipanga vitu vyake kwenye katoni.

"Barua iko wapi?" Wamucii akamuuliza, hata salamu hakungoja.

"Kwa Daktari. Saa tano ataweka sahihi."

"Washa hadubini."

"Ya nini tena, Mama Cate?"

Alifungua kitabu, akaweka kidole penye nafasi tupu. "Mia moja arobaini niliisoma peke yangu. Ona, jina la pili haliko. Na jicho nililosomea," akaongeza, "hilo jicho haliko pia. Limekwisha. Najua tangu mwaka jana."

Hafiz aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Alipoinua uso haukuwa uso wa shikamoo. "Wiki sita, Mama Cate."

"Najua."

"Wiki sita silali, najilaumu mimi. Nimemwandikia mamangu kwamba mwanawe hana akili ya kusoma. Ungesema neno moja tu. Kwa nini usiseme?"

"Niliogopa."

"Waniogopa mimi?"

"Naogopa kuwa kipofu," Wamucii akasema. Neno lenyewe alikuwa hajawahi kulitamka kwa habari yake, naye akashika meza. Hafiz akamsogezea kiti, bado amekasirika, kisha akawasha taa ya hadubini.

Waliweka kile kipande cha utando kilichobaki, na Hafiz ndiye aliyeangalia. Wamucii alikaa kando yake na kalamu, akisoma kipimajoto kwa jicho la kushoto na kumfanya Hafiz airudie kila namba.

"Mia na arobaini. Kuna nini?"

"Mwanga. Hafifu, lakini upo."

"Hakika?"

"Hakika. Nauona kama ninavyokuona wewe."

Mia na hamsini, upo. Mia na sitini, upo. Moto ulipanda polepole, na kila digrii Wamucii alingoja kusikia kwamba utando umeungua, kwamba amemponza kijana mara ya pili. Kwenye mia na sabini na sita Hafiz aliacha kujibu.

"Hafiz? Umeungua? Sema!"

"Subhanallah."

"Niambie unachokiona, dua tutaomba baadaye!"

"Rangi. Manjano, buluu, nyekundu, zimefunguka zote pamoja. Kuna kama nyuzi, zatembea, zajipanga." Hakuinua kichwa. "Ni fuwele kioevu, Mama Cate. Si takataka."

Wamucii aliandika namba kwa penseli, kwa sababu wino ulihitaji macho manne. Waliendelea mpaka mia mbili na ishirini na moja, ambapo Hafiz alisema rangi zimekufa na giza limeingia lote. Wakapunguza moto, rangi zikarudi, na Hafiz akainuka. "Njoo utazame nawe. Zamu yako."

Aliweka jicho la kushoto. Rangi zilikuwapo. Zilikuwapo kweli, nzuri kuliko kitenge chochote, na machozi yalimtoka kwa furaha kwamba jicho hili bado ni lake.

"Waiona ile nyekundu kubwa ya juu?" Hafiz akasema nyuma yake. "Pembeni kushoto. Ndiyo iliyonitia wazimu."

"Ipi?"

"Ile ya juu. Imejaa kona nzima."

Katika kona ile Wamucii hakuona kitu. Alizungusha jicho kuielekea, na nyekundu ikatokea, kubwa. Akarudisha jicho katikati, ikapotea. Akarudia mara tatu. Mwizi alikuwa ameshaingia chumba cha pili, na alikuwa akianza na pembeni kama kawaida yake.

Wamucii alirudia kupandisha na kushusha moto huku akitazama katikati, na namba zikawa zile zile. Kisha akashika kalamu, akakata *140* kwa mstari mmoja, ili namba ya chini iendelee kusomeka. Akaandika 176 na 221, akatia jina. Hafiz akatia lake kwenye nafasi ya pili. Penye sababu ya marekebisho Wamucii aliandika: *jicho la msomaji.*

Daktari Were alikuja saa tano kasorobo, barua mkononi. Aliusoma ukurasa amesimama, akaangalia kwenye hadubini, akausoma tena. Barua akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. "Kuanzia leo hushiki asidi wala moto mpaka daktari wa macho aniandikie," akamwambia Wamucii. Ndiyo maneno aliyokuwa akiyakimbia mwaka mzima, na sasa yalipomfikia hakuwa na mahali pa kukimbilia. "Lakini kitabu kikae kwako. Usiruhusu mtu aandike bila jina la pili."

"Sawa, Daktari."

Jumamosi Hafiz alitengeneza fungu lake la mwisho, akalipasha kwa digrii mia mbili, akalipoza asubuhi yote. Sindano ilisogea. Haikusogea sana, lakini alimpigia Wamucii simu kumwambia imesogea, na kwamba bado amemkasirikia, na kwamba Jumatatu atamletea halua.

Jumapili baada ya kanisa, Wamucii alimwita Cate stoo. "Kamba ya cucu iko pale kwa msumari, nyuma ya maharagwe," akamwambia. "Sitaki uifunge. Nataka tu ujue mahali iko." Cate alimshika mkono.

Jumatatu walikuwa hospitalini kabla ya saa mbili. Foleni ilikaa kwenye mabenchi yaliyoelekea ukuta wenye chati, na mlango ulikuwa wazi, kila mgonjwa akitaja herufi kwa sauti. Wamucii aligeuka akaupa ukuta mgongo, kisha akaziba masikio kwa viganja. Watu walimtazama. Cate alianza kucheka, halafu akaacha.

Alipoitwa, muuguzi alimziba jicho la kushoto. "Soma, mama."

"Sioni."

"Hata ile kubwa ya juu kabisa?"

"Hata hiyo."

"Jaribu tu."

"Sioni, nimekuambia." Alisikia kalamu ya muuguzi ikikwaruza karatasi, na mkono wake ukanyooka hewani, ukatafuta, ukaishika ile kalamu. "Ngoja kwanza," akasema. "Usiandike peke yako. Muite na mwingine aangalie."